Neno Lililoondoa Paa

Shukrani ni za Mola aliyeteremsha chuma chenye nguvu kali, akakilainisha mkononi mwa mmoja wa Mitume wake, kisha akatuachia sisi waja wengine tukipige kwa nyundo mpaka jasho litutoke. Namsifu kwa mikono aliyonipa, kwa macho aliyoyapunguza nuru bila kuyazima, na kwa jirani aliyenipangia tugawane naye ukuta mmoja. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na kila aliyemfuata kwa wema. Baada ya hayo nisimulie jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka hushika kifua.

Nyumba yetu iko Hodge Hill, mashariki mwa Birmingham, katika nyumba zile zinazojengwa mbili mbili, ubavu kwa ubavu. Upande mmoja tunakaa mimi na mke wangu. Upande wa pili anakaa mzee wa Kiingereza, peke yake. Kwa miaka mingi salamu zetu zilikuwa za mvua tu: inakuja, imekuja, imekatika.

Ilikuwa miaka michache kabla ya maradhi yale kuja kufunga misikiti. Asubuhi moja nilisikia grainda, mashine ya kukatia chuma, ikilia nyuma ya uzio. Sauti hiyo naijua kuliko mlio wa simu yangu. Kabla sijaja Ulaya, kwanza Uholanzi na baadaye hapa, nilikuwa fundi wa magari Eastleigh, Nairobi, na grainda ndiyo iliyowalisha wanangu. Nikachungulia. Mlango wa gereji yake ulikuwa wazi, na ndani mlikuwa na gari la miaka ya thelathini, limesimama wima kama kabati, bodi nzima, halina hata tundu la kutu. Na jirani yangu alikuwa analikata madigadi.

Nilipiga ukelele kama mtu aliyemwona mwenzake akimchinja farasi wa watu.

"Unafanya nini? Gari zima hilo!"

Akazima mashine, akavua miwani. "Ndiyo maana nalikata," akasema. "Bovu lingekatwa la kazi gani?"

Akaniingiza ndani, akanionyesha picha alizozibandika ukutani. Baada ya vita kuu ya pili, alisema, vijana wa Marekani wasio na kitu walichukua magari makuukuu, wakayavua kila kilichokuwa kizito, wakayashusha paa, wakayatia injini kubwa iliyotolewa kwenye gari jingine, wakashindana nayo. Magari hayo ndiyo hotrodi. La kwake alilitaka liwe la kale kweli kweli, lisiwe na chombo ambacho vijana wale wasingekitambua. Kompyuta haimo. Ukikosa kitu, unakifua mwenyewe au unakitoa kwenye gari lililokufa.

Nikacheka mpaka nikashika mlango. "Hiyo si hotrodi," nikamwambia. "Hiyo ni Eastleigh."

Kuanzia hapo nikawa naenda kwake kila nikishaswali adhuhuri. Tulifungua injini ya silinda nane, tukaiosha, tukaifunga, ikakataa, tukaifungua tena. Alasiri ikiingia, yeye mwenyewe alizima redio na kunitandikia kadibodi safi mbele ya mitungi ya gesi, kwa sababu kibla kilikuwa upande huo. Sikuwahi kumwomba. Mke wangu alikuwa akituletea sambusa, na mzee akimpokea kwa neno la watu wa mji huu la kumwita mtu kwa upendo: "Ahsante, bab."

Mke wangu alirudi nyumbani macho yamemtoka. "Ananiita baba! Mimi ni baba wa nani?"

"Ni mapenzi tu, ndivyo wanavyosema hapa."

"Basi mwambie mapenzi yake ayapime. Nina wajukuu mimi."

Jambo ambalo sikuliuliza mapema, kwa adabu, ni mikono yake. Ilikuwa inatetemeka. Mwanzoni nilidhani ni baridi, kisha nikadhani ni grainda, kisha nikamwona akishindwa kuingiza nati kwenye boliti yake, akaiweka chini, akanigeukia.

"Daktari atanipima tena mwisho wa kiangazi," akasema. "Ameshaniambia nisitarajie kubaki na leseni. Nimelitaka gari hili tangu nikiwa kijana wa kiwandani. Nataka niliendeshe mimi mwenyewe, mara moja, mpaka kwenye uwanja wanapokutana wenye magari kama haya. Mara moja tu inanitosha."

Tangu siku hiyo kazi haikuwa mchezo tena. Kila boliti niliyoikaza, niliikaza nikisikia kiangazi kinapita nje.

Kazi kubwa iliyobaki ilikuwa kushusha paa. Unakata nguzo zinazolishika, unaondoa kwenye kila nguzo kipande cha upana wa vidole vinne, unalishusha, unachomelea. Mzee mikono haikumruhusu. Mimi macho yangu yana ukungu, barabara naiona lakini moto wa kuchomelea siuwezi. Nikamkumbuka mtu niliyekutana naye kituo cha basi Perry Barr, akizungumza Kiswahili kwenye simu kwa sauti ya mtu anayehubiri. Mkristo, Mkongo wa Bukavu, amefika hapa kama mkimbizi na familia yake. Kwao alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na bodi za malori. Hapa anasafisha ofisi, na chuma hajakigusa tangu aje.

Alipoliona gari alivua kofia, akalipapasa bati. "Papa," akaniambia, "hii tôle ni nzuri sana. Mungu atusaidie tusiikoseshe."

Siku ya kukata tulipanga hivi. Nguzo zote nne zikatwe nusu tu kwanza, zibaki zimeshikana, mpaka tutakapoweka vyuma vya kuegemeza ndani. Ukizimaliza kabla ya hapo, paa linakuangukia. Kisu cha grainda kilikuwa kinaingia kwa nje, na aliye nje haoni kimefika wapi. Kwa hiyo mimi nilichuchumaa ndani ya gari, ambalo halikuwa na viti, nione ncha ikitokea kwenye alama ya chaki. Nguzo tatu za mwanzo, ikitokea, niligonga bodi kwa spana, naye akaacha. Ya nne, cheche ziliniingia kwenye mkono wa shati, spana ikanitoka, ikaingia chini ya sakafu ya gari. Ncha ikatokea kwenye chaki. Nikapaza sauti.

"Tosha!"

Grainda ikaongeza kasi.

"Tosha! Tosha, bwana! Tosha!"

Nilishangaa. Nilidhani masikio yake yameziba. Nikapiga kelele zaidi, na kila nilivyopiga kelele ndivyo alivyokata kwa haraka. Akaimaliza nguzo ile, nikaona mwanga wa nje ukipita katikati yake. Akarukia nyingine kati ya zile alizozikata nusu. Nikasikia chuma kinalia, mlio mrefu kama wa ng'ombe, nikajitupa chini nikitamka shahada. Paa likachanika kwa nyuma, likateleza, likashuka kwenye sakafu ya saruji kwa kishindo kilichozima taa moja ya gereji.

Nikanyanyua kichwa. Juu yangu hapakuwa na kitu ila mbao za dari.

Yule ndugu alikuwa ameshika grainda kifuani, anahema, uso umejaa furaha. "Umepona, Papa? Asante Yesu! Nilifikiri unabanwa!"

"Kubanwa na nini? Mbona umekata yote?"

"Mais, njo wewe ulisema tosha!"

"Nilisema tosha!"

"Ndiyo. Nikatosha."

Tukaangaliana. "Tosha ni basi," nikasema. "Ni imefika, acha."

"Hapana, Papa. Hiyo ya kuacha, kwetu ni inaenea. Tosha ni kuondoa. Tosha viatu. Tosha sufuria kwa moto." Sauti yake ikaanza kupungua. "Ukapiga kelele tosha, tosha, tosha... mimi nikasema huyu mzee anakufa mule ndani, anataka nimutoshe."

Hapo ndipo tulipomwona mwenye gari. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe vitatu vya chai. Vikombe vilikuwa vinagongana. Akaiweka sinia kwenye meza ya kazi, taratibu, akalitazama paa lililokuwa limekunjika kama sufuria iliyokanyagwa na lori, akageuka, akaingia nyumbani kwake, akafunga mlango.

Hakusema neno. Nimefanya kazi mahali ambapo gari la mtu likikwaruzwa mtaa mzima unaitwa uje kuhukumu. Matusi nayajua kuyapokea. Kimya kile sikuwa nimefundishwa kukipokea. Nilisimama pale mpaka chai ikapoa, na mwenzangu alikuwa amekaa juu ya ndoo, kofia mkononi, machozi yanamtoka bila sauti.

Tulijaribu kulinyoosha. Chuma cha zamani kikishachanika kinakukatalia. Ukigonga huku kinajikunja kule. Paa jingine la aina ile halikupatikana, na tuliuliza kila tuliyemjua. Mlango wa jirani haukufunguka. Nilibisha, hakuja. Nikamwombea katika sijda, nikaona aibu hata ya kuomba.

Nilipomweleza mke wangu, alipiga makofi mara moja. "Yaani mnakutana watu wawili wazima Uingereza, kila mmoja anajisifu anajua Kiswahili, na hamkuelewana neno la mtoto mdogo?"

"Na sisi tumeshangaa."

"Endeleeni kushangaa. Mimi nampelekea mtu chakula."

Akavaa jilbabu yake, akaenda akasimama mlangoni kwa jirani na sahani mkononi. Alibisha. Akangoja. Akabisha tena. Kiingereza chake si kingi, lakini nilimsikia waziwazi kutoka upande wetu: "Fungua, bab! Inapoa!"

Mlango ukafunguka.

Baadaye mzee alikuja gerejini, akatutaka tumweleze. Tukamweleza, mwenzangu akisema nusu na mimi nusu, kwamba neno ni moja, kwangu lina maana ya kuacha na kwake lina maana ya kuondoa. Alitusikiliza kama hakimu. Nilingoja acheke, kwa sababu hata mimi, Mungu anisamehe, kicheko kilikuwa kooni. Hakucheka. Alilizunguka gari akipitisha kiganja kwenye ncha za nguzo zilizokatwa.

"Vijana wale, wengi wao magari yao hayakuwa na paa," akasema hatimaye. "Langu sikulitaka hivyo. Hata siku moja sikuyataka hivyo." Akapangusa kiganja surualini. "Lakini muda wa kutaka vingine sina. Ondoeni mabaki."

Mwenzangu akanitazama kwanza, akitaka kuhakikisha. Nikamwambia: "Ondoa. Tosha yako, si yangu."

Ndipo tulipofanya kazi kuliko nilivyofanya kazi nikiwa kijana. Yule ndugu akitoka kusafisha ofisi alikuja moja kwa moja, akazikata nguzo zikawa chini, akapiga pasi kingo zote kwa nyundo mpaka ungepitisha kidole cha mtoto mchanga bila kumkwaruza. Tukatengeneza kioo cha mbele kifupi, kilicholala. Tukaweka benchi moja la watu wawili. Rangi hatukuwahi kupaka ila ile ya kuzuia kutu.

Siku ya mkutano wa magari kiangazi kilikuwa kimebaki na pumzi moja. Mzee aliketi kwenye usukani, mimi kando yake. Nyuma yetu, ndani ya gari langu dogo, Mkongo aliendesha na mke wangu amebeba vyungu mapajani. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba amesikia nyimbo za kanisa zote zilizopo duniani.

Tulipotoka barabara ya kwetu nilitazama mikono ya jirani yangu. Ilikuwa inatetemeka vilevile, na usukani ukitetemeka nayo. Nikasubiri gari liyumbe. Halikuyumba. Usukani wa magari yale una ulegevu. Unauzungusha kidogo na magurudumu hayana habari. Mara ngapi nilitaka kuukaza, naye akanikataza, na mimi nikamwona mkaidi! Mtetemo wake wote uliishia kwenye ulegevu ule, na gari likaenda moja kwa moja. Nilibaki mdomo wazi, upepo ukinijaa kinywani.

Kisha mvua ikaanza. Tulilowa mpaka ndani ya viatu. Kofia yangu niliishika kwa mikono miwili nikasoma dua zote za safari ninazozijua. Yeye hakupunguza mwendo. Kwenye taa nyekundu mwanamke mmoja ndani ya basi alitupiga picha, wazee wawili kwenye beseni la chuma lenye sauti ya radi.

Aliendesha kwenda, akaendesha kurudi. Uwanjani walitujia watu, wakainama kuzitazama kingo, wakauliza nani kazikata, naye akamshika mwenzangu bega akamsogeza mbele. Wala hakuwaambia habari ya neno lile.

Jumatatu yake nilimkuta gerejini amevaa koti la kutokea. Siku ya daktari ilikuwa bado. Alikuwa anakwenda kuirudisha leseni yake mwenyewe, kabla ya kuombwa. Nilishangaa kuliko nilivyoshangaa chini ya paa lile. Nikamwambia, lakini bado unazo siku. Akasema anajua, lakini mara moja imemtosha, akaniomba nimsindikize mpaka posta.

Tangu hapo huketi kushoto, mahali nilipokuwa nikiketi mimi. Jumapili yule ndugu akitoka kanisani ndiye humwendesha, siku nyingine ni mimi, polepole, kupita Hodge Hill, na mzee kila akiona mtu anashangaa humpungia mkono unaotetemeka.

Wewe uliyenisoma mpaka hapa, Mola akulinde njiani uendapo na urudipo, akupe jirani anayefungua mlango, akutimizie ulichokitamani kabla nguvu hazijakuisha, na kikija kwa sura usiyoitaka akupe moyo wa kukipokea. Amin.