Sala Niliyoshindwa Kuisali Wodini

Mke wangu alipolazwa hospitali ya Mnero, nilisali kila asubuhi kando ya kitanda chake. Nilimwomba Mungu ashushe homa, aongoze mkono wa daktari, na amrudishe nyumbani kabla ya msimu wa korosho.

Asubuhi moja jirani yetu wa kijijini Lionja alituletea uji, akanikuta katikati ya sala. Ni Mwislamu, na ni mtani wangu tangu enzi za babu zetu. Kwetu mtani haoni haya hata mbele ya mgonjwa.

"We mzee," akasema, "unamwomba Mungu au unampangia kazi? Mwachie japo jambo moja aamue mwenyewe!"

Mke wangu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema polepole, "Mwambie, shemeji. Mimi nimeshamwambia Mungu niko tayari. Anayening'ang'ania ni huyu."

Mimi sikucheka. Nimekuwa katekista tangu ujana wangu, na nimewafundisha watoto wengi kusema mapenzi ya Mungu yatimizwe. Sasa maneno yale yale yalinishinda kuyasema mwenyewe. Mtani alisimama na bakuli la uji mkononi, akinisubiri. Mwishowe nilimshika mke wangu mkono nikasema, "Bwana, huyu ni wako. Fanya upendavyo."

Alifariki Jumamosi iliyofuata. Kaburini padre aliniuliza kama nina ombi kwa Mungu. Nilimjibu kwamba sina, ila ningependa kushukuru, nikamshukuru Mungu kwa miaka yote aliyotupa pamoja.