Walisema mama mkwe ananikausha damu: yaliyonikuta Mikindani

Wakuu salaam, mnaoandika na mnaopita kimya kimya kama nilivyokuwa mimi.

Nimesoma nyuzi za watu humu muda mrefu, leo naleta ya kwangu. Hii sio chai, ingawa chai nayo imo humo ndani, mtaona.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Mikindani, Mtwara. Mume wangu Bakari anashona nyavu na kuuza zana za uvuvi. Wateja wake ni wavuvi wa hapa hapa, na wengine wanatoka huko kusini karibu na mdomo wa mto Ruvuma.

Ugonjwa ulianza kwa uchovu. Nikifagia uwanja natafuta pa kukaa. Nikipanda kilima kidogo tu moyo unadunda kama nimefukuzwa na mbwa.

Tumbo linasokota, choo cha shida, na mdomoni nasikia ladha kama nimelamba sarafu.

Zahanati wakapima malaria, hakuna. Mimba, hakuna. Nesi akanigeuza viganja akaguna, vyeupe kama karatasi. HB, yaani kipimo cha wingi wa damu, ipo chini. Nikapewa dawa za minyoo na vidonge vya kuongeza damu.

Hapo sasa mtaa mzima ukawa daktari. Huyu analeta rozela, huyu kisamvu, huyu matembele, huyu ananiambia nile maini. Nimekula majani wakuu mpaka nikawaonea huruma mbuzi, maana nilikuwa nawamalizia.

Damu haipandi.

Mwishowe nikaanguka naanika nguo. Nakumbuka kamba, nakumbuka shati la Bakari, halafu nakumbuka niko kwenye bajaji kichwa changu kipo mapajani kwake anasoma dua.

Hospitali wakasema HB ni chini ya nusu ya inayotakiwa, naongezwa damu, ndugu waje wachangie.

Sasa sikilizeni hapa.

Nina dada yangu mkubwa, Mwanahawa. Ananipenda sana, lakini mdomo wake hauna breki. Alifika wodini, akaniangalia, akasema mbele ya wagonjwa wote:

"Huyu haumwi. Huyu ananyonywa. Na anayemnyonya anajulikana."

Alikuwa anamsema mama mkwe wangu, Bi Somoe. Ni mjane, analima korosho na muhogo kijijini, mbele ya Naliendele. Mumewe alikufa baada ya kuugua kwa kukonda, na watu wa kijijini walishaongea ya kwao, kwamba mkewe ndiye kamroga. Dada akayabeba mazima mazima.

Bi Somoe alikuwa amesimama pale pale, kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, mkononi. Akaweka kikapu chini ya kitanda, akamuuliza nesi, "Pa kutolea damu ni wapi, mwanangu?"

Wakaenda wote wawili, yeye na dada.

Dada akarudishwa. Damu yake mwenyewe haikutosha. Aliulizwa kama anakula udongo, akakubali, maana tangu ujauzito wa mwisho hajaacha. Ule udongo wa kuchoma unaouzwa sokoni, anatembea nao kwenye pochi kama pipi. Wakamwambia udongo huo unauzuia mwili wake kupata madini ya chuma, na akiokota mchafu anapata na minyoo juu yake.

Bi Somoe damu yake ilikuwa safi, na kundi likalingana na langu. Nililala pale naangalia mfuko unadondosha tone tone, najua ni ya nani. Nililia wakuu. Yeye akawa ananifuta na ncha ya kanga yake, ananiambia, "Usilie mama Zainabu, utaimaliza tena."

Niliporuhusiwa akanichukua kwake shambani, mimi na binti yangu Zainabu. Nikakaa mpaka nikarudi kuwa mtu. Nachota maji, naokota korosho, nacheka.

Nikarudi nyumbani kwangu Mikindani. Haukupita muda, viganja vikaanza kuwa vyeupe tena, na ile ladha ya sarafu ikarudi.

Dada akapata la kusema: "Si unaona? Kakurudisha na uchawi wake."

Hata Bakari, mtoto wa kumzaa, alianza kunyamaza mama yake akitajwa. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko ugonjwa.

Bi Somoe aliposikia alikuja mwenyewe, akanishika mkono mpaka hospitali, akamwambia daktari:

"Baba, huyu kwangu anapona, kwake anaumwa. Chakula ni kile kile, ugali wa muhogo na kisamvu. Mimi sina elimu, lakini kuna kitu nyumbani kwao."

Yule daktari, kijana mpole, aliweka kalamu chini.

"Nyumbani kwenu mnafanya kazi gani?"

Nikasema mume wangu anauza nyavu.

"Anazinunua tayari au mnatengeneza?"

Nikamwelezea. Nyavu inataka uzito wa kuizamisha. Bakari ananunua betri mbovu za magari, anazivunja, anayeyusha ile risasi ya ndani, yale madini mazito, kwenye karai uani, anaimimina kwenye vibonyeo vya mchanga. Zikipoa mimi nazikwangua kingo kwa kisu, nazipakata mapajani. Zainabu anacheza pembeni na zile mbovu mbovu. Jiko langu lipo hatua chache tu. Moshi ukija naufunika mboga na ungo, basi.

Daktari akasema, "Mama, risasi ni sumu. Inaingia kwa moshi, kwa vumbi, kwa mkono unaokwenda mdomoni. Inazuia mwili kutengeneza damu."

Damu yangu ikaangaliwa kwa hadubini, chembe zikaonekana na vidoa doa. Sampuli ikapelekwa Dar kupimwa risasi yenyewe. Akataka na ya Bakari. Na ya mtoto.

Akaniuliza na habari za chai. Nikamwambia kila mlo nasukumia na chai ya rangi, kikombe kikubwa. Akasema chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma, na hata vidonge nilikuwa namezea chai hiyo hiyo! Na mwili wenye upungufu wa chuma unaifyonza risasi zaidi. Kwa hiyo mambo yalikuwa yanasaidiana kunimaliza.

Kusubiri majibu ya Zainabu ndio kipindi kibaya kuliko vyote maishani mwangu. Nilikuwa namwangalia anavyohesabu vidole, nasikiliza kama amekosea. Risasi inagusa akili ya mtoto, daktari hakunificha.

Majibu yakaja. Mimi ilikuwa juu sana, Bakari ilikuwa juu, Zainabu alikuwa nayo kiasi. Daktari akasema tumewahi, lakini risasi itoke nyumbani leo, sio kesho.

Bakari hakubishana. Alifunga ile kazi. Akauliza kwa maafisa wa afya namna ya kuondoa mabaki, udongo wa uani ukamwagiwa maji usitimke, ukachotwa, ukaja mwingine. Karai na kisu vikaenda na udongo huo. Sisi tulikaa kwa Bi Somoe mpaka ilipoisha. Siku hizi ananunua vizito vya saruji kutoka kwa fundi mmoja, na wavuvi walinuna kidogo wakazoea.

Na dada? Alikuja shambani siku moja na kilo ya sukari, akakaa mkekani, akashindwa kuanza. Bi Somoe akamsaidia: "Umeacha udongo?"

"Nimeacha, mama."

"Basi kula."

Akampa sahani. Yakaisha hapo.

Sasa hivi HB yangu ipo kawaida. Zainabu anaendelea kupimwa, kila kipimo kinashuka, na shuleni mwalimu wake hana malalamiko zaidi ya domo. Domo ni la mama yake mkubwa, hiyo haina dawa. Alhamdulillah kwa yote.

Mimi sio daktari wakuu. Damu inapungua kwa mengi: minyoo, lishe, siko seli, hedhi nyingi na mengine nisiyoyajua. Ninachosema ni hiki: ukiumwa, mweleze daktari na kazi mnayofanya nyumbani, hata kama hajauliza. Na kabla hujamtaja mtu kwa uchawi, angalia uani kwako kwanza.

Mwenye ndugu ambaye damu haipandi aandike hapa, aseme anaishi wapi na anashika nini kila siku, wajuzi waliopo watamsaidia. Na mnaoyeyusha betri, nawaomba kama dada yenu, wahamisheni watoto leo.

Bi Somoe hajui kusoma, lakini nimemwambia naandika habari zake. Amekaa hapa pembeni anamenya muhogo, anauliza kama watu wameshajibu. Andikeni, nitamsomea.