Harusi iliyompigia tembo honi, huko chini ya Mutwanga

Wakuu, poleni na kazi. Haya niliyaona mwenyewe nikiwa kwenye usukani, kwa hiyo sitatia chumvi.

Mimi ni dereva, nakaa Vulamba, Butembo. Rafiki yangu Kasereka alikuwa anamwoa Masika, binti wa Mutwanga. Kaka yake Masika, Kambale, alikuwa guide kwenye hifadhi ya huko chini, kwenye nyika na vinamasi vya kando ya ziwa.

Vita ilimaliza kila kitu pale. Viboko waliliwa, tembo wakahamia Uganda. Siku hizi wamerudi, na Kambale aliwalinda kama mtu mwenye ng'ombe wake.

Kilichomuuma ni kwamba wageni walikuwa wazungu watupu. Akataka msafara wa harusi ya dada yake upite mbugani, watu wa Butembo nao waone mali yao. Aliwabembeleza wakubwa wake mpaka wakakubali.

Sasa ninyi wa mbali, eleweni kitu kimoja. Harusi ya kwetu bila honi si harusi. Motards, vijana wa pikipiki, wanatangulia, jeep zinafuata, na honi ni tangu kanisani mpaka kwenye sherehe. Ukipita kimya watu watauliza nani amekufa.

Pale getini Kambale alitusimamisha.

"Bandugu, tangu hapa hapana honi. Kuko tembo karibu na maji, iko na mutoto mudogo."

Tukatii. Tulienda polepole, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona viboko wamejaa kwenye tope, wanapiga miayo. Nilifurahi sana, siwafichi. Halafu tukamwona tembo kwenye matete, mtoto yuko katikati ya miguu yake. Wote tukasimama.

Kando yangu alikaa mjomba wa bwana harusi, mzee Paluku, mfanyabiashara wa vitenge. Alikuwa amenuna tangu getini.

"Tunapita kama batu ba matanga? Masika iko maiti? Piga honi, banyama bajue kama tunaoa!"

Nikatoa mikono kwenye usukani. Kambale alisikia, akaja dirishani.

"Papa, pardon. Nakuomba."

Wakuu, huyu Kambale niliwahi kumwona akimfokea afisa wa jeshi aliyeshuka garini kupiga selfie. Mgeni mwingine yeyote angemrudisha getini palepale. Lakini siku ile alikuwa shemeji, na yule alikuwa mzee wa upande wa wakwe. Kwetu mkwe hafokewi, tena siku ya harusi. Akainamisha kichwa, akaomba tena.

Mzee akanyoosha mkono mbele yangu, akabonyeza honi.

Motards walidhani ruhusa imetoka. Wote wakaitikia, na jeep ya maharusi nayo.

Tembo alitoka kwenye matete masikio wazi, moja kwa moja kwenye jeep ya Masika. Motards walitupa pikipiki wakakimbia. Mlango wangu wa nyuma ulikuwa wazi, Kambale angeweza kuingia. Akakimbilia upande wa maji, anapiga makofi na kelele, ili amgeuze.

Akamgeuza kweli. Tembo akamfuata yeye.

Tembo aliporudi kwa mtoto wake, tulimpakia Kambale kwenye jeep yangu. Alikata roho kabla hatujafika Mutwanga, kichwa kikiwa kwenye gauni la dada yake. Hapo sitaeleza zaidi.

Kwenye matanga mzee Paluku alisimama akaahidi kutafuta wanajeshi wakampige risasi yule tembo. Watu wakapiga makofi! Mama yake Kambale alikuwa kwenye mkeka, hakuinua hata macho.

"Mutoto yangu alikufa juu ya kulinda ile tembo na mutoto yake. Mukiiua, mimi nitasema alikufa juu ya nini?"

Mzee akakaa.

Hifadhi haipokei tena misafara ya huku kwetu. Wazungu wanaendelea kuja. Alichokililia Kambale kimezikwa naye.

Nilichojifunza ni kwamba heshima isiyojua kukataa inaua. Kuiandika hapa ni rahisi. Jumapili iliyopita nilimkuta mzee Paluku mlangoni pa kanisa, akaniambia yale yalikuwa mapenzi ya Mungu. Damu ilinichemka. Nikampisha, nikamsalimia kwa mikono miwili.

Wakuu, ninyi mngemjibu nini? Semeni ukweli, msinionee haya.