Pazia Linalosubiri Kelele

Kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Kamba alivuta pazia la ukumbi ule akiwa ameligeuzia jukwaa kisogo. Hakuhitaji kuona. Masikio yalimtosha, maana watazamaji wa zamani, Mungu awarehemu waliotangulia, hawakujua kunyamaza. Mke wa mchezoni akiletewa kikombe chenye sumu, ukumbi mzima ulimpigia kelele, "Usinywe, mama!" Kuna bibi aliwahi kupanda jukwaani na kandambili mkononi kumtia adabu mume mlevi. Kelele zikipanda, Mzee Kamba alisubiri; zikizimika, alivuta.

Wa siku hizi wanakaa kama wako kwenye mtihani, simu juu, midomo imefungwa. Makofi watapiga kwa mkono upi? Mazoea yana taabu: Jumamosi iliyopita ukimya ule ulimponza, akadhani mchezo umekwisha, akafunga pazia mama mkwe wa mchezoni akiwa katikati ya maneno.

Meneja alimwambia bila kupepesa macho, "Mzee wangu, ukikosea tena naweka mota ivute pazia."

Mzee Kamba hakula siku mbili. Aliogopa, na hakuona haya kusema.

"Watazamaji hawajachoka, baba," bintiye, mshonaji wa mavazi ya jukwaani, alimwambia. "Wanasikiliza. Geuka uwaone."

"Nigeuke uzeeni?"

"Geuka tu. Shingo haivunjiki."

Jumamosi iliyofuata alasiri, kikombe cha sumu kilipoletwa, akageuka na kuchungulia pembeni mwa pazia. Ukumbi kimya, simu zote juu. Mkono ukamwasha kwenye kamba. Lakini simu ya mama mmoja wa mstari wa mbele ikashuka taratibu hadi mapajani, ikawa inapiga picha magoti yake, naye hana habari. Macho yake yako jukwaani, yamejaa machozi. Ikashuka ya jirani yake. Zikashuka za safu nzima. Mzee akaisahau kamba.

Mwigizaji akainua kikombe mdomoni.

"Usinywe, mama!"

Watu wote wakageuka kumtafuta aliyepiga kelele. Alikuwa mvuta pazia.

Meneja akaja mbio nyuma ya jukwaa, uso umemwiva. Kabla hajafungua kinywa, yule mama wa mbele akasimama. "Usinywe!" Mwingine akadakia, kisha ukumbi mzima, simu zikidondoka chini ya viti.

Meneja alisimama pale, kelele zikimpita.

"Tufunge, mzee?" akanong'ona.

"Bado," alisema Mzee Kamba. "Hatujamaliza."