Mpapai Dume wa Nyuma ya Ofisi

Ofisi ya kilimo inawatangazia wakulima wote kwamba mpapai dume hauzai, haujawahi kuzaa wala hautazaa. Kwamba unakula mbolea ya bure na kuibania nafasi mipapai jike inayojituma. Na kwamba kila dume litakaloonekana liangushwe mara moja, bila kubakiza. Tangazo lilipigwa mhuri mara mbili, maana wa kwanza ulitoka nusu, likabandikwa mlangoni.

Kazi ya kulitekeleza alipewa bwana shamba ambaye watu walimwita Mhuri, kwa kuwa akishasema neno hakuna wa kulifuta. Alijua fika, tangu chuoni, kwamba ua la mpapai jike lisipopata unga wa dume hudondoka, na kwamba shambani huachwa dume moja la kuyatosheleza majike. Lakini tangazo halikuacha hata moja, na Mhuri hakuwa mtu wa kumsumbua mkuu wake kwa jambo dogo kama ukweli.

Alianzia kwa mama mkwe wake, ili watu waone hapendelei. Mama huyo alikuwa na mipapai nyuma ya nyumba, na mapapai aliyoyapanga juu ya meza barazani ndiyo yaliyomfanya asimwombe mtu hata chumvi tangu afiwe na mumewe.

"Ona hapa, mama," alisema Mhuri, akionyesha kwa ncha ya panga. "Ua nene, limebanana na shina: huyo jike. Haya madogo yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu kama hereni: dume."

"Kumbe dume ndiye anayejipamba," alisema mama mkwe. "Na kuzaa hazai. Nimewaona wengi."

Ulipobaki mpapai dume mmoja, kando ya bafu, mama mkwe aliuwekea mkono shinani.

"Huu tuuache, baba. Jioni wadudu wanaupenda sana."

"Wadudu hawanunui papai, mama."

Alicheka peke yake. Mama mkwe akaondoa mkono, maana mkwe ni mkwe, na panga likapita. Shina la mpapai ni laini na lina uwazi ndani. Halimpi mtu hata muda wa kujuta.

Mapapai yaliyokuwa juu yaliiva, yakauzwa, yakaisha. Kisha maua yakaanza kudondoka.

"Baba watoto," mkewe alimwuliza, "mama anataka kujua kama ni ugonjwa."

"Hali ya hewa."

"Hali ya hewa ya nyuma ya nyumba yake tu?"

Mhuri aliomba aongezewe chai.

Ilibidi aende. Meza ya barazani ilikuwa tupu, imefutwa safi kama inayosubiri wageni. Mama mkwe alimletea kipapai kimoja kwenye sahani, kikubwa kidogo kuliko yai, kimepasuliwa katikati. Ndani hakikuwa na hata mbegu moja.

"Karibu, baba. Ya siku hizi hayana usumbufu wa mbegu."

Alikula. Jirani akapitisha kichwa juu ya ukuta.

"Mama, mkwe wako bwana shamba na shamba lako limekauka?"

"Kosa langu," alijibu mama mkwe bila kugeuka. "Nilichelewa kumwagilia."

Angemtukana, Mhuri angepata la kujibu. Alikikwangua kile kipapai mpaka ganda, akaaga.

Alianza kutafuta ua la dume. Mtaa wa kwanza hakuna, wa pili hakuna. Mitaa yote alikuwa ameipitia yeye mwenyewe na panga, na kazi aliifanya vizuri. Mpapai dume pekee aliouona umesimama ulikuwa nyuma ya ofisi, karibu na choo. Haukuguswa kwa sababu tangazo liliwahusu wakulima, na ofisi si mkulima.

Alfajiri alichuma maua, akayatia kwenye kopo lake la chakula, akaenda kupanda juu ya stuli ya mama mkwe na kuyapaka moja moja ndani ya maua ya jike.

"Unatafuta nini huko juu?"

Alishuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, siku ile nilijua. Nilijua, na bado nikaukata."

Mama mkwe aliisogeza stuli. Kisha akachukua kopo.

"Panda. Ule wa mwisho hujaufikia."

Alirudi asubuhi nyingi, na safari hizi mama mkwe ndiye aliyeshika kopo. Maua yakaanza kushika. Matunda yalikuwa bado madogo wakati Mhuri, akiinua mkono kuchuma maua nyuma ya ofisi, aligusa kitu kizito kwenye kikonyo kirefu, katikati ya hereni za dume: papai. Alikiacha mpaka kikaiva, akampelekea mama mkwe, naye akakiweka barazani pamoja na kikonyo chake. Lilikuwa papai la kwanza kurudi kwenye ile meza.