Kiatu Alichonivua Mtani Wangu

Mpaka leo nikipita mbele ya lile jengo la kituo cha ushauri damu inanichemka. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia nilikwenda kwa mshauri nasaha, wanasubiri niwaambie jinsi nilivyopata utulivu. Sikupata utulivu. Nilipata mtu, wakamwondoa, na mimi ndiye niliyewapa sababu.

Aliyenipeleka ni mke wangu. Mama yangu alikuwa amefariki miezi kadhaa nyuma, na tangu tumzike nilikuwa mtu wa kufoka. Nilifoka chumvi ikizidi, nilifoka mlango ukiachwa wazi, nilifoka darasani kule Kihonda ninakofundisha hesabu, mpaka wanafunzi wakaacha kuuliza maswali. Mke wangu alivumilia yote hayo. Kilichomshinda ni jioni aliyomkuta binti yetu wa darasa la nne amejibanza nyuma ya pipa la maji kwa kuwa alisikia pikipiki yangu inaingia. Akaniambia, bila kupaza sauti, niende kwa mshauri, la sivyo angemchukua mtoto wakaishi kwa wazazi wake Gairo. Nguo za mtoto zilikuwa zimeshakunjwa kitandani. Nikaenda.

Mshauri alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Alisimama, akanipa shikamoo vizuri kabisa, kisha akaketi na kugeuka mtu mwingine. Mezani kulikuwa na saa, boksi la tishu na fomu. Nikimwambia nina hasira, ananijibu, "Nasikia una hasira." Nikimwambia silali, anasikia kwamba silali. Niliichukia ile sauti laini, maana ilikuwa ya kuazima; hakuna mtu aliyezaliwa nayo. Wiki tatu nilikaa pale nikihesabu mbao za dari. Wiki ya nne uvumilivu ukaniisha, nikamwuliza kama na yeye akiumia, mama yake humwuliza anajisikiaje huku akitazama saa.

Aliinua macho kutoka kwenye fomu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, mama yangu tulimzikaje.

Nikamweleza kwa majivuno. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Tulikuwa na maturubai, spika na ratiba iliyochapwa, kila jambo na dakika zake. Kasoro ilikuwa moja tu. Sisi ni Waluguru, na watani wetu Wanyamwezi wana haki zao msibani: kumsema marehemu, kuwachekesha wafiwa, kuteka kitu mpaka kikombolewe. Pale kwetu Bigwa kuna bibi mmoja Mnyamwezi, jirani, aliyetaniana na mama tangu mimi sijaoa. Kabla jeneza halijashushwa, bibi huyo alishuka kaburini, akalala chali, akatangaza kwamba humo haingii Mluguru yeyote mpaka yeye apewe kuku. Watu wakaanza kucheka. Mimi nikatazama saa. Mkuu wangu wa shule alikuwepo, na wageni kutoka chuo nilichosomea ualimu, na tulikuwa tumeshachelewa. Nikaagiza vijana wamtoe. Walimtoa kwa kumshika makwapa, kanga imejaa udongo. Alijikung'uta na kwenda kwake.

"Tukamaliza kwa wakati," nikamwambia yule mshauri.

Aliweka kalamu chini, akainuka. Nilidhani anakwenda kunifungulia mlango.

"Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora," akasema. "Huyo uliyemtoa kaburini ni bibi yangu."

Hawakuwa na undugu wowote, na wote wawili tulijua hivyo. Lakini kwa utani alikuwa bibi yake, na hilo nalo tulilijua. Akaniambia nivue kiatu. Nikamwuliza kama ana akili timamu. Akainama mwenyewe, akafungua kamba, akakivuta kiatu changu cha kulia na kukitupa juu ya kabati la mafaili. Akasema nitakikomboa kwa kuku, tena mtetea, nimpelekee yule bibi kwa mikono yangu.

"Milima yote ya Uluguru haijazaa mwanamke mchoyo wa magimbi kama mama yako," akasema. "Na wewe umempita. Umemnyima hata kicheko cha mwisho."

Hasira ilinipanda mpaka nikasimama. Nilitaka kumzaba kofi, sifichi. Kinywa kilipofunguka kikatoka kicheko, kwa sababu ni kweli, mama alikuwa mchoyo wa magimbi, akiyaficha chini ya kitanda wageni wakija. Na kicheko hicho hakikufika mwisho, kikageuka kilio. Nililia makamasi yakanishuka. Boksi la tishu lilikuwa karibu naye na hakulisogeza. Aliketi sakafuni, akaniambia bibi yake mzaa mama alizikwa Tabora wakati yeye yuko kwenye mtihani, na ndugu walisubiri amalize ndipo wakampigia simu. Akalia na yeye. Tulilia mpaka muda ukapita na hakuna aliyetazama saa.

Nilirudi nyumbani na kiatu kimoja. Nilipiga kiki pikipiki kwa soksi, na soksi yenyewe ilikuwa na tundu. Binti yangu alichungulia kutoka nyuma ya pipa, akaona kidole gumba cha baba yake kinatazama nje, akacheka. Kesho yake nikampelekea bibi jirani mtetea. Alimpokea, akanitukana hadi saa sita mchana, akanipa ugali. Lakini mshauri hakunirudishia kiatu. Alidai yeye hakumwona huyo kuku, huenda nilimpelekea bibi kuku kipofu. Kila wiki nilikikuta juu ya kabati, na kila wiki nilizungumza mambo ambayo sijamwambia hata mke wangu. Nguo za mtoto zilirudi kabatini.

Ndipo watu wa kituo wakaniletea fomu ya maoni. Eleza mshauri wako amekusaidiaje. Mimi mwalimu, niliyezoea kuwafokea watoto wasome swali kabla ya kujibu, sikujiuliza nani ataisoma. Nikaandika kwa furaha ukurasa mzima na nyuma yake: alinivua kiatu, akamsema vibaya mama yangu marehemu, tukalia wote wawili.

Wiki iliyofuata nilimkuta mkuu wa kituo ameketi kwenye kiti cha yule mshauri. Akanishukuru kwa ujasiri wa kutoa taarifa. Mshauri wangu amevunja mipaka ya kazi, akasema, na ameshaondolewa. Nikamwambia ile si taarifa, zile ni sifa, nilikuwa namsifu. Nikamweleza utani ni nini, kana kwamba hakukulia nchi hii. Nikagonga meza.

"Nasikia una hasira," akasema.

Akafungua droo na kunikabidhi kiatu changu ndani ya bahasha ya kaki yenye namba ya faili langu. Nikakiacha mezani. Nilimwambia mwenye haki ya kukirudisha ni yule binti, popote alipo, na yeye mkuu si mtani wangu. Nikaomba namba ya simu ya yule binti, akasema ni siri ya ofisi. Barua mbili nimewaandikia tangu siku ile na hawajajibu hata moja.

Nilifika nyumbani nafoka kuliko siku zote. Nilimsimulia mke wangu yote nikiwa nimesimama uani, nikipiga helmeti kwenye paja, nikimtaja yule mkuu kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa. Katikati ya maneno nikamwona binti yangu. Hakuwa nyuma ya pipa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda hatua mbili kutoka nilipo, mikono kidevuni, ananisikiliza. Akangoja mpaka nikamaliza.

"Baba," akasema, "yule mshauri anajua kwamba ulikuwa unamsifu?"