Kitambaa Kilichofuliwa kwa Ndimu

Fundi wa maji hakuwa mtu wa kujibu neno kabla hajanawa mikono na kuifuta, kidole kimoja kimoja. Kila Jumatano alifika kwa baiskeli kutoka Msambweni, akamwamkia Bi Mishi shikamoo, kisha akashusha kisimani kitambaa cheupe kilichotiwa dawa ya kunasa madini yenye mionzi. Alikishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Kisima kilikuwa kimefungwa miezi saba, na Bi Mishi aliteka maji ya kunywa mwendo wa saa nzima.

Jumatano ile alikikuta kitambaa kwenye beseni. Bi Mishi alikuwa amekitoa kisimani, akakiona kimeingia rangi, akakifua kwa ndimu kama afuavyo leso zake, maana ni aibu kumrudishia mgeni kitu kichafu.

"Usiyamwage maji hayo, mama," alisema fundi, mikono ingali inachuruzika maji. Hapo ndipo Bi Mishi alipoogopa. Kipimo cha mionzi kililia mfululizo juu ya maji: ndimu ilikuwa imekitapisha kitambaa madini yote kiliyoyanasa. Fundi hakulaumu. Alitia magadi kuua ukali wa ndimu, akakirudisha kitambaa, akachuchumaa akikigeuza polepole hadi adhuhuri. Mlio ukapungua majini, ukahamia kwenye kitambaa, beseni likanyamaza.

"Subhanallah," Bi Mishi alinong'ona. "Kimeyaokota yote?"

Fundi alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Yote, mama. Sasa tukapime kisima."

Bi Mishi alikuwa amekwisha kushika ndoo.